Shati la Bonheur na Ndege ya Kavumu

Tangu nirudi kutoka Lilongwe, kazi yangu hailali wala haisimami. Kila anayekuja kupimwa nguo ananiuliza swali lile lile: "Maman Esta, ile mambo ya ndege iliishia wapi?" Najibu, anaondoka, anakuja mwingine na swali hilo hilo, na jioni inanikuta nimeshona mfuko mmoja wa suruali. Basi naandika mara moja. Wanakwaya wataisoma, watawasomea na wengine, nami nitashona kwa amani.

Karatasi ikimfikia mtu asiyenijua, mi ni mshonaji hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na kwetu ni Bukavu. Jumapili natafsiri mahubiri. Mhubiri akija na Kiingereza chake, nasimama kando yake namgeuza Kiswahili. Kazi hiyo njo iliyonipeleka Lilongwe. Mchungaji mmoja wa Area 47, mtaa wa huko, aliulizwa kama anamjua mtu wa Kiingereza na Kiswahili cha kwetu, akanitaja.

Mkutano ulikuwa juu ya Kavumu, kiwanja cha ndege cha Bukavu, ambacho kimefungwa tangu mji uingie mikononi mwa watu wengine. Wajumbe wa serikali ya kwetu na wajumbe wa hao wanaoushika mji sasa walikuwa wanakuja Malawi kuzungumza kama ndege ya kiraia inaweza kutua pale na kuruka tena bila kupigwa. Kwa nini Malawi, sijui. Labda kwa sababu hapa hakuna anayewashangilia wala kuwazomea.

Wakalimani wa Kifaransa walikuwapo, na vipaza sauti vyao. Mi niliitwa kwa sababu wakubwa wa kwetu wakikasirika wanaacha Kifaransa. Kwa ufupi, nilikuwa mkalimani wa hasira.

Kutoka Dzaleka, na mizigo ya watu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaambia wanakwaya kwamba naenda kwenye mkutano wa ndege. Asubuhi ya safari nikafungua mlango, nikakuta watu wamejipanga. Mmoja na dawa za presha za baba yake, mmoja na kitenge, mmoja na ndakala, dagaa wa kwetu, waliofungwa vizuri mpaka harufu ikawa inatoka kwa adabu. Hapa kwetu mtu akisafiri, anabeba. Ukikataa mzigo wa mwenzako, utasikia habari zako kwenye bomba la maji mwaka mzima.

"Sikilizeni," nikasema. "Mi naenda Lilongwe. Siendi Bukavu. Hakuna ndege. Banaenda kuzungumza tu."

"Njo bakimaliza kuzungumza, ndege inaruka," akasema mwenye ndakala. "Na we utakuwa karibu."

Niliwakatalia wote isipokuwa Maman Sifa. Yeye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikimbia Bukavu akamwacha mwanawe, Bonheur, kwa bibi yake, akidhani atamfuata baada ya majuma machache. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Sasa ana minane. Bibi amefariki, mtoto yuko kwa majirani. Walijaribu kumleta kwa barabara mara moja, akarudishwa kwenye kizuizi akiwa analia. Wale wanaoshughulikia watoto waliopotezana na wazazi walimwambia Maman Sifa wazi: ndege ya kwanza ya kiraia ikitoka Kavumu, Bonheur atakuwa ndani. Kwa hiyo wengine walikuwa na mizigo, lakini yeye alikuwa na mtoto kwenye mkutano ule.

Alitaka nibebe shati. Nililishona mwenyewe wiki moja kabla, la bluu, mikono mirefu, kwa ajili ya baridi ya huku. Siku ya kupima nilimuuliza mtoto ana urefu gani. Akaweka kiganja kwenye kiuno chake. "Iko hivi."

"Alikuwa hivyo," nikamwambia. "Mtoto anakua, Maman Sifa. Niache pindo kubwa kwa chini na kwenye mikono. Akifika tunalifungua."

Yarabi, alivyonigeukia! "Pindo ya nini? We unaniombea bita iendelee? Ndege inakuya, mutoto anakuya. Shona hivi nilivyokuonyesha."

Mteja ndiye anayeamua. Nilishona kama alivyoonyesha, bila pindo, nikalitia kwenye mkoba wangu. Nimpe nani kule, hakuniambia. Nikapanda kabaza mpaka kwenye lami. Mwenye baiskeli alikuwa akipiga mluzi njia nzima, na mi nilikuwa nimekasirika bila kujua namkasirikia nani.

Barabara kubwa, kwenye foleni ya mafuta

Kwenye lami nilipata matola, gari dogo la mizigo linalobeba na watu, lililojaa nyanya. Dereva aliitwa Bwana Phiri. Alinipa kiti cha mbele kwa sababu nilikuwa nimevaa kitenge changu cha harusi na viatu vya kufunga.

Chichewa changu ni cha sokoni. Naweza kukataa bei, siwezi kueleza mkutano. Aliponiuliza naenda wapi, nikatafuta maneno, nikapata mawili: Lilongwe na ndege. Bwana Phiri akapiga usukani kwa furaha. Sikuelewa kwa nini. Akanishika mkono, akautikisa, akasema zikomo, asante, mara nyingi kama mimi ndiye niliyempa lifti.

Mbele kidogo mafuta yakataka kuisha, tukaingia foleni ya kituo cha mafuta. Magari yalikuwa yamepangana mpaka yanapotea kwenye kona. Tulikaa pale mpaka nyanya za chini zikaanza kutoa maji. Nikawaza, naenda kutafsiri watu wanaobishana mafuta ya ndege yatatoka wapi, na mi mwenyewe nimekwama na nyanya.

Wakati huo Bwana Phiri alikuwa ameshuka, anazungumza na madereva wenzake, ananionyesha kwa kidole. Wakaanza kuja dirishani mmoja mmoja kunipa mkono. Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchoma akanipa hindi, akakataa kulipwa. Dereva mmoja aliyejua Kiingereza ndiye aliyenifungua macho. "Canada au Amerika?" akauliza.

Hapo nikaelewa. Mtu wa Dzaleka akitoka na nguo nzuri akataja ndege, wanajua ni mmoja tu wa wale waliopata nchi ya kupokelewa, na harudi. Walikuwa wananiaga! Nikamweleza yule dereva kwamba naenda kutafsiri mkutano tu. Akawaeleza wengine, wakacheka, wakaona nawaficha kwa unyenyekevu. Bwana Phiri alipopata mafuta na kufika kwenye njia panda ya kiwanja cha ndege, akakata kona kabisa. Nilipiga kelele. Akageuza gari, lakini nilimwona ananisikitikia, labda akidhani nimeogopa kupanda.

Area 18, kwa Maman Nabintu

Nilifikia kwa Maman Nabintu, mwanamke wa Bukavu tuliyesoma wote, ambaye sasa anapika chakula cha kwetu Area 18 na kuuza. Sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, bugali wa muhogo, samaki. Ana maneno mengi na mkono mzito wa mawese. Aliposikia nitakaa na wajumbe wa Bukavu, kitu cha kwanza alichouliza si kuhusu vita.

"Na kule banakula nini?"

"Sijui. Chakula cha hoteli."

"Masikini," akasema, na akawa ameanza kupanga.

Area 47, na mkutano wenyewe

Mkutano ulikuwa kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, huko Area 47. Wajumbe walikuwa kadhaa, lakini waliokuwa wanazungumza ni wawili. Wa serikali alikuwa mzee wa miwani mizito, nitamwita Baba Miwani. Wa upande wa pili alikuwa na umri wa mdogo wangu, hakuvua koti hata jua lilipochoma. Huyo ni Koti. Kati yao alikaa Mpatanishi, mgeni wa Kiingereza, mtulivu, ambaye ujanani aliwahi kuongoza ndege akiwa mnarani.

Asubuhi walizungumza Kifaransa, nami nikanywa chai. Kisha Koti akasema kitu kuhusu askari kwenye barabara ya ndege, na Baba Miwani akapiga meza. "Ile kiwanja ni ya Leta, ya serikali! Munaivunja, halafu munatuomba ruhusa ya kuikalia?"

Zamu yangu. Nikafanya kama ninavyofanya kanisani. Nikainuka, nikasimama begani kwake, nikapiga meza vile vile, nikapaza sauti vile vile, kwa Kiingereza. Alipoinua kidole, nikainua kidole. Alipomaliza, mdomo wangu ukatoa "Amina" kabla sijaukamata. Walinzi wawili mlangoni wakaitikia, "Amina."

Baba Miwani alinitazama kama nimemwibia kofia. Mpatanishi akasema kwa upole kwamba ninaweza kukaa, na kwamba anaiona hasira mwenyewe, anahitaji maneno tu. Nilikaa. Masikio yalikuwa yanawaka. Koti alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nitaeleza shida yao kama nilivyoielewa, kwa sababu wengi mnasema wakubwa wanakataa tu kwa roho mbaya. Anga ya nchi ni ya serikali; dunia yote inakubali hivyo, hata wakati wa vita. Lakini lami ya Kavumu iko chini ya miguu ya wale wengine. Ndege inataka vyote viwili kwa siku moja. Serikali ikikataa anga, hakuna kampuni itakayokubali kuikatia ndege bima, na bila bima rubani hawashi injini. Wale wengine wakikataa lami, hakuna pa kutua. Mambo mengi walikubaliana kwa haraka kuliko nilivyodhani: askari wasogee mbali, wafanyakazi wa zamani wa mnara warudi, mizigo ikaguliwe na watu wa nje.

Walikwama kwenye redio. Rubani akikaribia anaita mnara, na mnara unajibu. Unajibu kwa jina la nani? Ukijibu kwa jina la serikali, wenye mji hawataki. Ukijibu kwa jina la wenye mji, serikali inafunga anga. Walizunguka hapo siku nzima na kesho yake asubuhi. Nilikuwa natafsiri kwa kukaa, mikono chini ya mapaja, na kila walipokataa niliona lile shati la bluu ndani ya mkoba. Niliwachukia wote wawili, nasema ukweli. Nilitafsiri vizuri, lakini niliwachukia.

Kitu kimoja tu waliafikiana bila Mpatanishi: nsima ya hoteli. "Hii si bugali," akasema Baba Miwani, akiisukuma kando. "Hii ni uji imekaa muda," akajibu Koti. Ilikuwa mara ya kwanza wanazungumza wao kwa wao. Mpatanishi akaniuliza wanasema nini, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akauliza kama mjini kuna mahali wanapika chakula chao.

Area 18 tena, mezani

Maman Nabintu alikuwa kama amepewa harusi. Aliazima viti kwa majirani, akatandika kitambaa, akapika sombe ya karanga na bugali mweusi wa muhogo unaovutika. Magari yakapaki nje, watoto wa mtaa wakaja kutazama.

Kwetu mmeona: kabla ya kula, mdogo anachukua jagi na beseni, anawanawisha wakubwa mikono. Hakuna anayemwagiza. Maman Nabintu alileta jagi, na kabla hajafika popote, Koti alikuwa ameinuka, amelichukua, amekunja magoti kidogo, anammiminia Baba Miwani maji. Mzee alinyoosha mikono bila kutazama ni nani.

"Asanti, mwana," akasema. Kisha akatazama. Wote wawili wakabaki hivyo, maji yanamwagika.

"We ni wa wapi?" mzee akauliza.

"Kadutu."

"Kadutu wapi?"

Koti akamwambia. Mzee alimjua baba yake. Hawakukumbatiana, msidhani, walikula. Walikula wakizungumza habari za mtaa huo wa Bukavu, mvua inavyoshusha nyumba kule mlimani, na nani amekufa. Katikati ya tonge Baba Miwani akasema, "Ule mnara. Ujibu tu 'Kavumu'. Basi. Rubani anaita Kavumu, Kavumu inajibu. Kavumu haina upande."

Koti akatafuna mpaka akamaliza. "Tunaweza kubali ile."

Nilimtafsiria Mpatanishi. Akaweka uma wake chini, akasema marubani hawahitaji zaidi ya jina la mahali, na kwamba wataandika na kutia sahihi kesho asubuhi. Nilikwenda jikoni nikamkumbatia Maman Nabintu mpaka akalalamika kwamba namwagia machozi kwenye sufuria. Nikampigia Maman Sifa. Sikumwambia mengi, kwa kuwa haikuruhusiwa. Nilimwambia, "Omba." Nilimsikia anapiga kigelegele kabla sijakata simu.

Asubuhi ya mwisho

Maman Nabintu hana ubaya. Ni mwanamke wa biashara. Wageni walipokuwa wanakula, alikuwa amepiga picha, na walipoondoka akaiweka kwenye status yake ya WhatsApp, na maneno: "Bakubwa ba kwetu banakula sombe yangu. Karibuni Area 18." Picha aliyoichagua ndiyo ile ya kunawa, kwa sababu kitambaa cha meza kilionekana vizuri.

Dzaleka iliiona. Bukavu iliiona. Kabla ya chai ya asubuhi, wakubwa wa wajumbe walikuwa wameiona. Upande wa Koti wakauliza kwa nini mtu wao anapiga magoti mbele ya serikali. Upande wa Baba Miwani wakauliza kwa nini yeye anahudumiwa na watu wale kama baba yao. Simu zililia mpaka Mpatanishi akaomba zitolewe nje. Zilitolewa, na wenye nazo wakazifuata.

Hakuna aliyetia sahihi. Mpatanishi alitangaza kwamba mazungumzo yameahirishwa mpaka tarehe itakayotajwa. Nilitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili, ingawa hakuna aliyeniomba.

Nilimkuta Koti kwenye bustani, amevua koti mwishowe, anangoja gari.

"Maman, mi nilimimina maji tu," akasema. "Mama yangu angenipiga kama singemimina."

"Najua."

Nikatoa shati. Nilimweleza habari za Bonheur, mtaa anaokaa, jina la jirani. Yeye alikuwa anarudi Bukavu, kwa njia zake. Akalikunjua, akalipima hewani kwa mikono miwili.

"Iko na miaka ngapi?"

"Minane."

"Mi niko na wa minane nyumbani." Alilikunja tena polepole, kwa adabu, mikono ndani. "Hii haitamuingia, Maman. Rudishia mama yake." Gari likaja. Aliponiaga hakunitazama machoni.

Kurudi

Kwa Maman Nabintu nilipita kuchukua vitu vyangu. Alikuwa ameifuta picha na amelia, uso umevimba. Sikumlaumu. Alinifungia sombe ya njiani.

Kwenye barabara kubwa, nani alisimama? Bwana Phiri, safari hii na kabichi. Aliponiona akafunga breki mpaka kabichi zikasogea. Akashuka, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili. Amerika wamenirudisha! Hivyo ndivyo alivyoelewa, na sikuwa na maneno ya kumkatalia. Nilipofikiri vizuri, sikuona amekosea sana. Alikataa nauli. Tulipopita njia panda ya kiwanja, ndege moja ilikuwa inapanda, nyeupe, na ndani yake labda alikuwa Baba Miwani. Bwana Phiri akaongeza sauti ya redio ili nisiisikie.

Dzaleka

Maman Sifa alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wangu. Ameosha nywele, amevaa vizuri. Wengine walikuwa wamesimama nyuma yake, hata mwenye ndakala. Wote walikuwa wameiona picha, na wote walidhani ni picha ya amani.

Nilisema mara moja, nikiwa bado nimesimama. "Habakusaini. Ndege hakuna. Banasema tarehe ingine."

Watu wakaanza kuuliza, wengine kulaani. Nikampa Maman Sifa shati, nikaanza kutafuta namna ya kumwambia yale ya Koti, lakini hakunipa nafasi. Alilitandika juu ya meza ya cherehani, akalinyoosha kwa kiganja, mshono kwa mshono, kama analipiga pasi. Akatazama mikono ilipoishia. Watu wakaondoka, tukabaki mi na yeye.

Kisha akasimama. Akaweka kiganja kwenye kiuno chake, pale pa zamani. Akakipandisha mpaka kifuani. Kikakaa hapo, kikapanda tena kidogo.

"Shonea ye ingine," akasema. "Ya hapa."

Nikachukua tepu, nikapima kutoka chini mpaka kwenye kiganja chake. Nikaushikilia mkono wake ili nipate kipimo. Sikutaka kumuuliza, lakini ni kazi yangu.

"Na pindo?"

"Acha," akasema Maman Sifa. "Acha kubwa."